Kabla hujapanda basi Kange: kujiandaa na vipimo vya usonji kwa mtoto mdogo

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliyeko Tanga, iwe Ngamiani, Makorora au huko Pongwe, mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano na roho haijatulia. Mtoto hasemi. Au anaitwa haitiki. Au alikwishaanza kusema "baba" na "maji", kisha maneno yakapotea, na kila mtu hapo nyumbani ana lake: bibi anasema watoto wa kiume huchelewa, jirani anasema ni kijicho, shemeji anasema ni simu.

Wazazi wengi hufika kwa daktari wakitarajia mashine itakayowekwa kichwani mwa mtoto itoe jibu. Mashine hiyo haipo. Usonji (kwa Kiingereza autism, hali ya ukuaji inayogusa jinsi mtoto anavyohusiana na kuwasiliana na wengine) hautambuliwi kwa damu, mkojo wala picha ya kichwa. Unatambuliwa kwa maswali na kwa macho: mtaalamu humtazama mtoto, humhoji aliyemlea, kisha hulinganisha alichokiona na alichosikia na vigezo vilivyokubaliwa. Kwa hiyo nusu ya kipimo unakwenda nayo wewe kutoka nyumbani, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nusu hiyo.

Hatua ya 1: Daftari

Nunua daftari dogo, au andika kwenye simu. Andika yaliyotokea, usiandike hukumu. "Ni mkorofi" haimsaidii daktari kitu. "Jumamosi wenzake walikuwa wakicheza uani, yeye alikaa mlangoni akifungua na kufunga, nilipomtoa alilia mpaka akatapika" inamsaidia sana.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mimi ningeangalia kidole kabla hata ya maneno. Kuna kidole cha "nipe": ndizi iko juu ya kabati, anainyooshea. Na kuna kidole cha "tazama": meli imetia nanga mbele ya Raskazone, anaionyesha, kisha anakugeukia usoni kuhakikisha na wewe umeiona. Hataki umpe meli, anataka muione pamoja. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hukosa hicho cha pili. Akitaka kitu, huweza kukushika mkono na kuupeleka kwenye kitu chenyewe bila kukutazama usoni. Andika anachofanya wako, na alifanya lini mara ya mwisho.

Suala la kutazamana macho linahitaji uangalifu kwetu. Mtoto wa pwani hufundishwa mapema kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na daktari ni mkubwa tena mgeni. Usiandike "hatazami watu machoni" ukafunga daftari. Andika anavyokutazama wewe ukimwogesha, ukimlisha, ukijifunika uso kwa khanga na kuufunua. Kama hata kwenye mchezo wa khanga uso wako haumvuti, hilo ni la kuandika.

Kisha mchezo. Watoto wa miaka miwili hupika mchanga kwenye kifuu, wakakukaribisha, nawe ukajifanya unakula. Je, wako anapika na kukaribisha, au anaumwaga mchanga karibu na macho akiutazama unavyoshuka, tena na tena? Anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja na kupiga kelele ukikisogeza kimoja? Anageuza kigari juu chini azungushe tairi tu? Anapeperusha mikono, anatembea kwa vidole vya miguu, anaziba masikio mashine ya kusaga ikiwaka, anakula wali mweupe tu na mchuzi ukigusa sahani anaisukuma? Kitu kimoja kati ya hivyo hakimfanyi mtoto kuwa na usonji. Watoto wote hupanga vitu. Kinachotafutwa ni mkusanyiko wake, nguvu yake, na jinsi kinavyochukua nafasi ya mambo mengine.

Kuhusu maneno, alama za kukufanya uende kliniki bila kungoja ni hizi: kufika miezi 12 bila kutoa sauti za kitoto wala kupunga mkono au kunyoosha kidole, miezi 16 bila neno hata moja, miezi 24 bila kuunganisha maneno mawili ya kwake mwenyewe, yaani si yale anayorudia tu kutoka kwenye katuni. Na kupoteza maneno au uchangamfu aliokuwa nao, kwa umri wowote. Hapo usingoje hata wiki. Hesabu maneno ya lugha zote. Kama nyumbani mnasema Kidigo au Kisambaa na barabarani Kiswahili, neno la Kidigo ni neno. Lugha mbili hazileti usonji, ingawa kuna watu wanaojua kusoma na kuandika watakaokuambia vinginevyo.

Ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa historia: mimba ilikwendaje, alilia mara tu alipozaliwa au alichelewa, alipata manjano kali, degedege, malaria kali ya kulazwa, alikaa na kutembea akiwa na miezi mingapi. Weka na kadi ya kliniki. Kadi hiyo inasahaulika nyumbani kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo yenye uzito wake tangu kuzaliwa.

Na video. Chukua vipande vifupi vya dakika moja au mbili: akila, akiwa na watoto wenzake, akicheza peke yake, akiitwa jina huku amekupa mgongo, na akifanya lile linalokutia wasiwasi. Usimfundishe, usimbembeleze afanye. Chumba cha daktari kina harufu ngeni na watu wageni. Wapo watoto wanaotulia mle wakaonekana hawana tatizo, na wapo wanaolia mwanzo mpaka mwisho. Video ya uani kwenu humaliza ubishi wa namna hiyo.

Hatua ya 2: Dodoso la kliniki

Chanjo ya pili ya surua-rubella hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Ni wakati mzuri mno, kwa sababu dodoso linalotumika zaidi duniani kwa uchunguzi wa awali, M-CHAT-R/F, ni la watoto wa miezi 16 hadi 30. Muulize nesi wa kliniki ya mama na mtoto kama wanalo au kama wanaweza kukuelekeza kwa anayelitumia. Likitumika kwa tiba halilipiwi.

Niseme hapa hapa kuhusu chanjo, maana najua wapo watakaoisoma aya iliyopita na kushtuka. Ile habari kwamba chanjo ya surua huleta usonji ilitoka kwenye makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika jarida la Lancet, na jarida lenyewe liliifuta makala hiyo mwaka 2010. Dalili huanza kuonekana wazi kwenye umri ule ule wa chanjo, ndiyo maana watu huviunganisha. Mpe mtoto chanjo.

Dodoso lina maswali 20 ya ndiyo au hapana. Mengi yake, jibu la "hapana" ndilo linalohesabiwa alama: je, hukuonyesha kitu kwa kidole, huja kukuletea kitu ukione, huitika jina. Matatu yamegeuzwa, "ndiyo" ndiyo inayohesabiwa: swali la 2, kama umewahi kudhani mtoto ni kiziwi, la 5, kama huchezesha vidole kwa namna isiyo ya kawaida karibu na macho, na la 12, kama husumbuliwa na sauti za kila siku. Ukijijazia mwenyewe bila kujua hilo utapata jumla ya uongo.

Alama 0 hadi 2, hatari ni ndogo. Kama mtoto hajatimiza miaka miwili, rudia akitimiza. Alama 8 na kuendelea, nenda moja kwa moja kwenye rufaa. Alama 3 hadi 7 ndipo ile herufi F (follow-up, yaani ufuatiliaji) inapofanya kazi: anayehoji hurudi kwenye kila swali lililohesabiwa alama na kuomba mifano. Baada ya mahojiano hayo, zikibaki 2 au zaidi, mtoto anapewa rufaa. Watu wengi huiruka sehemu hii ya mifano. Mimi naiona ndiyo roho ya dodoso, na ingefaa hata kwa majibu yaliyoonekana mazuri. Sikiliza tofauti:

"Mama, ukimwita jina anageuka?"
"Anageuka."
"Jana alipokuwa anacheza, ulimwitaje akageukaje?"
"Jana… nilimwita mara tatu. Nikaenda nikamgusa bega."

Jibu la kwanza lingepita. La pili ndilo la kweli, na mama hakudanganya. Swali la kwanza lilikuwa pana mno.

Sasa, alama za juu si jibu la mwisho. Utafiti wa Diana Robins na wenzake uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika Marekani kwa watoto zaidi ya 16,000, ulionyesha kwamba kati ya watoto waliobaki na alama za hatari baada ya mahojiano na kufika kwenye uchunguzi, karibu nusu walikutwa na usonji, lakini karibu wote walikuwa na ucheleweshaji au wasiwasi fulani wa ukuaji. Maana yake nesi akikuambia "alama zimezidi", usirudi nyumbani kuomboleza, na usibaki nyumbani pia.

Mtoto aliyepita miezi 30 hapimwi kwa dodoso hili. Usikubali lijazwe tu kwa sababu ndilo lililopo mezani. Yeye aende kwa daktari wa watoto.

Hatua ya 3: Masikio kabla ya yote

Mtoto asiyesikia vizuri haitiki, hasemi, na hujitenga. Kwa macho anaweza kufanana kabisa na mwenye usonji, na wapo wenye yote mawili. Kwa hiyo kipimo cha masikio hakirukwi, hata kama una hakika anasikia.

Kupiga makofi nyuma yake si kipimo. Mtoto huhisi upepo, huona kivuli. Vipimo vyenyewe vipo vya aina mbili kwa watoto ambao hawawezi kujibu. Kimoja huweka kidude laini sikioni na kurekodi mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani. Kingine hubandika vibandiko kichwani na kusoma jinsi neva na shina la ubongo vinavyopokea sauti, na mtoto sharti awe amelala. Ukipangiwa hicho cha pili, mwamshe mapema alfajiri siku hiyo na usimwache asinzie kwenye bajaji. Hutolewa kwenye hospitali kubwa zenye idara ya pua, koo na masikio, kwa hiyo omba barua moja itaje masikio na ukuaji pamoja, usije ukasafiri mara mbili.

Andika pia hili: akiitwa jina yuko kimya, lakini karatasi ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili anafika mbio? Halichukui nafasi ya kipimo, ila daktari atalipenda.

Na kabla sijasahau: udata, ule uzi wa chini ya ulimi, hukatwa kwa wingi kwa mtoto asiyesema. Udata unaweza kusumbua kunyonya, pengine na matamshi ya herufi fulani. Haumzuii mtoto kunyoosha kidole, kuitika jina wala kukutazama. Kimeo ndiyo kabisa hakihusiki.

Hatua ya 4: Barua ya rufaa na safari

Njia ya kawaida ni zahanati au kituo cha afya, kisha Bombo, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na kutoka hapo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, au ya KCMC, Moshi. Ukifika Bombo omba kumwona daktari wa watoto. Pia uliza siku za kliniki ya afya ya akili, maana usonji huangukia kati ya idara hizo mbili na wazazi huzungushwa. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi kwenye hospitali za serikali. Vipo vitu utakavyoambiwa ulipie hata hivyo. Ukikwama, muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo hiyo kabla hujakopa.

Kama umepewa rufaa ya Dar es Salaam, usishuke kwenye basi la usiku ukaingia moja kwa moja kliniki. Mtoto asiyelala hupimwa vibaya. Lala kwa ndugu, fika asubuhi. Beba chakula anachokila na kile kitu asichoachana nacho, hata kama ni mfuniko wa ndoo.

Nani aende? Mama, bila shaka, lakini kama bibi au dada wa kazi ndiye anayeshinda naye, basi naye aende, au asimulie na wewe uandike. Baba anayemwona Jumapili tu asijibu maswali ya kila siku. Nimeona ndoa zikitikisika kwenye benchi la kliniki kwa sababu ya swali moja kuhusu usingizi.

Hatua ya 5: Ndani ya chumba

Majina ya vipimo utakayoyasikia ni machache.

CARS-2 ni orodha ya mambo 15: jinsi anavyohusiana na watu, anavyoiga, anavyotumia mwili na vitu, anavyopokea mabadiliko, anavyosikia na kuona, woga, maneno, ishara, na kadhalika. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4. Jumla ya 30 na kuendelea huashiria usonji. Hutumika kuanzia miaka miwili na hakihitaji sanduku la vifaa, ndiyo maana kinafaa mazingira yetu.

ADI-R ni mahojiano na mzazi, maswali 93, saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Hapa ndipo daftari lako linalipa. Omba uhojiwe kwa lugha unayoota nayo usiku. Kama ni Kizigua na daktari hakijui, mkalimani awe mtu mzima wa familia anayemfahamu mtoto, asiwe kaka wa mtoto mwenye miaka kumi.

ADOS-2 ndiyo watu huiita kipimo bora kabisa. Ina moduli (matoleo) tano kulingana na umri na usemi. Ya watoto wadogo kabisa ni ya miezi 12 hadi 30. Kwa dakika 40 hadi 60 mtaalamu hucheza na mtoto kwa mpango maalumu: hupuliza mapovu ya sabuni akasimama ghafla aone kama mtoto ataomba zaidi na ataomba vipi; hujaza puto na kuliachia; humwita jina; hutoa vitafunwa; hutazama kitu cha mbali aone kama mtoto atafuata macho yake. Wewe utakaa humo humo. Usimsaidie. Najua ni vigumu, mkono unakuwasha, lakini ukimwambia "sema zaidi, mwanangu", sehemu hiyo imeharibika.

Lipo jambo ambalo ningependa kila mzazi wa Tanga alijue kuhusu ADOS-2. Kwenye moduli mbili za watoto kuna mchezo wa sherehe ya kuzaliwa ya mwanasesere: keki, mishumaa, wimbo, kupuliza. Mtoto aliyekulia nyumba isiyo na mishumaa ya keki hatajua la kufanya, na kutokujua keki si dalili. Sema wazi: "Hajawahi kuona sherehe hii. Nyumbani hupika mchanga na hubeba mdoli mgongoni kwa khanga." Mtaalamu mzuri atakushukuru na atajaribu mchezo anaoujua. Kipimo kilitungwa ng'ambo. Mtoto wako hakuzaliwa huko.

Je, kama hospitali haina ADOS-2? Vifaa vyake ni ghali na mtumiaji lazima afunzwe, kwa hiyo usishangae. Kutokuwepo kwake si kutopimwa. Mwongozo wa mwaka 2011 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unawaambia madaktari wasitegemee chombo kimoja peke yake kutamka usonji. Daktari mwenye uzoefu anayekaa na mtoto, akamsikiliza mlezi kwa makini, akatazama video na kulinganisha na vigezo, amefanya kazi kamili. Namwamini huyo kuliko mtu aliyejaza fomu nzuri kwa dakika kumi.

Ukiagizwa picha ya kichwa au kipimo cha umeme wa ubongo, uliza: "Tunatafuta nini?" Majibu ya haki yapo: degedege, kupoteza uwezo aliokuwa nao, kichwa kikubwa au kidogo kupita kiasi. "Kuona kama ana usonji" si mojawapo.

Hatua ya 6: Jibu

Vigezo vinavyotumika vimo kwenye DSM-5, kitabu cha Marekani cha utambuzi wa matatizo ya akili na ukuaji cha mwaka 2013, na kwenye ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa DSM-5, mtoto awe na shida katika maeneo yote matatu ya mahusiano na mawasiliano: kupokezana na wengine, ishara za mwili na uso, na kujenga uhusiano wa kufaa umri wake. Juu ya hayo, angalau mambo mawili kati ya manne ya kurudiarudia: miondoko au maneno yale yale, kung'ang'ania utaratibu, mapenzi makali ya kitu kimoja, na hisia zilizozidi au kupungua kwa sauti, mguso, ladha. Dalili ziwe zilianza utotoni na ziwe zinamkwaza katika maisha. Ukimaliza kusoma aya hii, rudi kwenye daftari. Utaona kila ulichoandika kina mahali pake.

Jibu linaweza pia kuwa "bado". Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hilo si kukwepa. Taka tarehe ya kurudi, miezi sita au mwaka, na uulize cha kufanya kwa sasa, kwa sababu mazoezi ya lugha na mchezo hayangoji jina la tatizo. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, na hayahitaji mtoto awe amekwishatamkiwa usonji. Ulizia kama yapo ulipo.

Usitoke bila ripoti iliyoandikwa. Iwe na umri wa mtoto siku hiyo, majina ya vipimo, lugha iliyotumika, matokeo ya masikio, hitimisho, kiwango cha msaada anachohitaji, na nani wa kumwona baadaye: mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), mtaalamu wa mazungumzo, au wote. Kiwango, 1 hadi 3, hueleza msaada anaouhitaji leo. Hakipimi akili, na kinaweza kubadilika.

Toa nakala kadhaa. Moja iende kwenye faili la Bombo, nyingine kwa ofisa elimu maalumu wa halmashauri hata kama mtoto ana miaka mitatu tu, maana nafasi kwenye shule zenye vitengo vya usonji ni chache. Huko Lushoto ipo Irente Rainbow School, inayopokea watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Kwa aliyeko Korogwe au Muheza inaweza kuwa karibu kuliko Dar. Shule ya mtaani ikikukatalia kwa sababu haina mwalimu wa elimu maalumu, mwombe mwalimu mkuu aiandike sababu hiyo kwenye karatasi yenye mhuri, uipeleke kwa ofisa huyo huyo pamoja na ripoti.